Jinsi ya kufuatilia madaraja ya mashamba ya Long Island Motor Parkway

Long Island Motor Parkway, barabara ya kisiwa cha Long Island katika jimbo la New York, ilijengwa kwa ajili ya magari peke yake. William K. Vanderbilt Jr., tajiri aliyependa mbio za magari, na wenzake walitaka barabara ya kulipia ambayo dereva hakatizwi na barabara nyingine, reli wala mkokoteni. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa Oktoba 1908. Ilipokamilika ilifika kama maili 45, yaani kilomita 72, kutoka Queens, ndani ya jiji la New York, kupitia kaunti ya Nassau hadi Lake Ronkonkoma katika kaunti ya Suffolk, na ikafungwa mwaka 1938.

Ili gari lisikatizwe, yalihitajika madaraja, takriban 65. Mengine yalivusha barabara za umma na reli. Mengine yalikuwepo kwa sababu moja tu: njia mpya imepasua shamba vipande viwili, na mwenye shamba lazima afike ng'ambo na farasi wake, ng'ombe wake na gari lililosheheni majani makavu. Hayo ndiyo madaraja ya mashamba. Hayakubeba jina la barabara yoyote, na ndiyo maana ni rahisi kuyapoteza.

Anzia mezani, usianzie vichakani. Chukua atlasi mbili za Nassau County zilizochapishwa na E. Belcher Hyde, ya 1906 na ya 1914. Ya kwanza inaonyesha mashamba kabla ya ujenzi, ya pili inaonyesha ukanda wa barabara ukiwa umeshapita. Atlasi hizi zina faida kubwa: jina la mmiliki limeandikwa juu ya kila kiwanja. Fuata ukanda kwa kidole, kiwanja hadi kiwanja. Ukikuta jina lilelile kaskazini na kusini ya ukanda, weka alama. Hapo palikuwa na sababu ya daraja. Majina yakitofautiana, rudi kwenye atlasi ya 1906. Huenda shamba lilikuwa moja na kipande kimoja kikauzwa baadaye, jambo linalotokea sana pale ambapo kipande cha ng'ambo kilibaki kidogo mno kulimwa kwa faida.

Alama hiyo bado ni dhana tu, si ushahidi. Ushahidi uko kwenye hati za mauziano. Za Nassau zinatunzwa na karani wa kaunti, Mineola. Za Suffolk ziko Riverhead. Katika faharasa ya wanunuzi, tafuta jina la kampuni, Long Island Motor Parkway, na anzia mwaka 1906 ilipoundwa. Soma hati nzima, usiishie kwenye bei na vipimo. Kinachotafutwa ni sharti linalomwachia muuzaji haki ya kuvuka, au linaloibebesha kampuni mzigo wa kujenga na kutunza kivuko. Watu wengi hukwama wanaporudi nyuma zaidi kutafuta asili ya shamba, kwa sababu Nassau ilijitenga na Queens Januari 1899. Hati za kabla ya hapo zimeandikishwa Queens, kwa hiyo usikate tamaa ukizikosa Mineola.

Sasa picha za angani. Kwa eneo la Queens zipo zilizopigwa mwaka 1924, zinazoonyesha jiji zima la New York. Tazama vivuli. Tuta refu hutupa kivuli upande mmoja; daraja hukikata kivuli hicho ghafla au huacha pengo jeusi. Kisha fuata njia inayotoka darajani. Ikiungana na barabara nyingine kubwa, hilo ni daraja la umma. Ikiishia katikati ya shamba, ghalani au uani kwa mtu, hapo ndipo penyewe.

Kosa la kawaida Queens ni kuyaita yote ya mashamba. Madaraja yanayopita juu ya 73rd Avenue na Hollis Court Boulevard ni sehemu ya nyongeza ya mwaka 1926, na yalivuka barabara za umma. Vilevile usichanganye na madaraja ya Northern State Parkway yaliyovishwa mawe usoni. Hiyo ni barabara nyingine, ya kizazi cha baadaye.

Ukifika eneo lenyewe, beba tepu ya mita 30, timazi, daftari na kijiti cha kupimia kitakachoonekana kwenye picha. Omba ruhusa ya mwenye ardhi kwanza. Pima upana kati ya kingo mbili kwa ndani, mara tatu: mwanzoni, katikati na mwishoni. Pima urefu kati ya kuta zinazobeba daraja, halafu kimo cha uwazi chini yake. Kipimo hiki cha mwisho kinadanganya kuliko vyote, maana udongo na majani hujaa chini kwa miongo mingi. Tazama mistari ya mbao iliyobaki kwenye zege: pale zege lilipomiminwa, kila ubao uliacha alama yake. Ubao wa chini kabisa ukionekana mwembamba kuliko wenzake, sehemu yake imefukiwa. Andika kwamba kimo ni cha leo, si cha asili. Usichimbe.

Kagua njia ya kupandia pia. Mara nyingi ya shambani ni fupi, nyembamba na ina mwinuko mkali, kwa sababu kila tani ya udongo wa tuta ilikuwa gharama ya ziada kwa ajili ya mkulima mmoja tu.

Pale zege lilipomeguka, sababu karibu zote ni maji. Yanapenya kwenye ufa, nondo inashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo huisukuma zege nje kwa vipande vipande. Baridi ya Long Island huongeza kazi: maji huganda ndani ya ufa na kuupanua. Jeraha hilo linauma kulitazama, lakini linakupa nafasi ya kuiona nondo bila kugusa kitu. Andika umbo lake. Nondo za mraba zilizosokotwa kama kamba ni za mtindo ambao mhandisi Ernest Ransome alipata hataza yake mwaka 1884, na zilitumika sana mwanzoni mwa karne ya 20. Piga picha ikiwa na kijiti pembeni. Usichukue kipande hata kidogo, kwa kuwa kila kinachoondolewa hufungua njia mpya ya maji.

Mwisho, andika kwenye daftari mambo matatu kwa kila daraja: jina la mmiliki mwaka 1906, namba ya kitabu na ukurasa wa hati, na mahali penyewe kwa latitudo na longitudo. Likikosa hata moja kati ya hayo, liite "linalodhaniwa", na liache hivyo hadi jambo hilo lipatikane.