SOMO: Gari inakula mafuta? Anzia hapa kabla hujauliza

Wakuu, salaam. Haipiti wiki sijaulizwa: "Toyota IST yangu inakula mafuta, nifanyeje?" Nimejibu pembeni, nimejibu kwa simu, nimejibu nikiwa kwenye foleni ya sheli. Leo naandika yote mahali pamoja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Mimi si fundi. Naendesha IST ya cc 1500, injini ya 1NZ, Mbezi hadi Posta na kurudi, kila siku ya kazi. Ninayoyaandika nimeyafanya kwenye gari yangu kwa pesa yangu. Na nilichojifunza ni kwamba gari nyingi zinazokula mafuta hazihitaji kuongezewa chochote. Kuna kitu kimeharibika au fundi amekitoa. Tafuta hicho kwanza.

HATUA YA 1: PIMA
"Naweka ya elfu thelathini inaisha siku mbili" si kipimo. Bei inabadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, wanapotangaza, kwa hiyo elfu thelathini ya mwezi huu si lita zile za mwezi uliopita. Jaza tangi mpaka bomba lijikate lenyewe mara ya kwanza, usiruhusu kuongezea. Rudisha kilomita za safari kwenye sifuri. Tembea mpaka tangi lifike nusu au chini yake. Rudi sheli ileile, bomba lilelile, jaza tena mpaka lijikate. Gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Kilomita 412 kwa lita 31.7 ni 13 kwa lita. Fanya mara tatu, uandike kwenye daftari.

Kama umebadilisha saizi ya tairi, hesabu inadanganya. Aliyetoka 175/65R14 akaenda 185/65R15 gurudumu lake limekua karibu asilimia 6.6, na dashibodi inahesabu kilomita pungufu kwa kiasi hicho. Wengi wanalaumu injini kwa sababu ya rimu walizofunga wenyewe.

HATUA YA 2: UPEPO
Pima asubuhi tairi zikiwa za baridi, ufuate kibandiko cha mlango wa dereva na si macho ya kijana wa sheli. kPa 230 ni kama psi 33 kwenye geji.

HATUA YA 3: EA KLINA (CHUJIO LA HEWA) NA PLAGI
Chafu badilisha, zilizokwisha badilisha.

HATUA YA 4: OILI
Weka uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Oili nzito ya 20W-50 kwenye injini iliyotengenezewa 5W-30 ni mzigo kila unapowasha.

HATUA YA 5: BREKI NA ALAIMENTI
Tembea kilomita kumi barabara iliyonyooka bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza mkono karibu na kila rimu. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, breki inashika. Gari ikivuta upande mmoja, au tairi zikilika upande, nenda alaimenti.

HATUA YA 6: THAMOSTATI
Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo someni taratibu.

Gari yangu ilianza kupandisha joto kwenye foleni ya Kimara. Fundi akaniambia, "Kaka, hii thamostati ni ya nchi za baridi, Dar haina kazi, tuitoe." Akaitoa, joto likapungua, nikamshukuru na kumlipa. Miezi minne nikawa nalalamika mafuta. Nilikuwa napata 13 kwa lita, nikashuka hadi 10 na kidogo. Nikabadilisha plagi, nikasafisha nozeli zinazomwaga mafuta kwenye injini, nikanunua pampu ya mafuta. Pesa yote ile ilikwenda bure.

Thamostati ni mlango. Injini ikiwa ya baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate joto haraka. Yakifika nyuzi 80 na kitu, mlango unafunguka na maji yanakwenda kwenye rejeta. Ukiutoa, maji yanapita kwenye rejeta tangu unawasha. Ukiwa barabara kuu upepo unayapoza, injini haifiki joto lake. Kompyuta inasoma sensa ya joto, inadhani gari ndiyo kwanza imeamka, inazidi kumwaga mafuta. Giaboksi ya automatiki nayo inachelewa kuingia gia ya juu. Oili haichemki vya kutosha kutoa unyevu, injini inalika kabla ya wakati wake.

Ugonjwa wangu wa kweli ulikuwa mfuniko wa rejeta uliolegea na feni iliyokuwa haizunguki kwa spidi ya pili. Yule fundi alitibu homa kwa kuvunja kipimajoto.

Namna ya kujua: asubuhi, gari ikiwa ya baridi, washa na ushike mpira wa juu wa rejeta. Ubaki baridi dakika kadhaa, kisha uchemke ghafla. Ukianza kupata uvuguvugu mapema na polepole, thamostati haipo au imekwama wazi. Njia bora zaidi ni kile kidude cha OBD kinachochomekwa chini ya usukani, kinasoma kompyuta ya gari na kuonyesha kwenye simu. Injini iliyopata moto isome kama nyuzi 85 hadi 95. Yangu ilikuwa inasoma 64 nikiwa natembea Kibaha.

TAHADHARI:
Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yale yanaruka na kumbabua mtu uso.
Usirudishe thamostati kabla ya kutibu kilichofanya gari ichemke. Ukirudisha tu, itachemka tena na safari hii unaweza kuunguza gasketi ya silinda hedi.
Ijaribu kabla ya kufunga: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni. Ianze kufunguka kabla maji hayajachemka. Ya kwanza niliyonunua haikufunguka kabisa.
Kile kipini kidogo cha thamostati kinachocheza kikae juu. Mimi nilikiweka chini, hewa ikanasa ndani, gari ikapandisha joto nikadhani nimeua injini.
Jaza kulanti, si maji ya bomba. Toa hewa yote mpaka feni iwake yenyewe.

Baada ya hapo nilipima mara tatu: 12.8, 13.1, 13.0.

HATUA YA 7: MZIGO
Keria isiyotumika shusha, buti lisiwe stoo.

HATUA YA 8: MGUU
Kutoka spidi 80 hadi 110 upinzani wa hewa unakaribia kuwa maradufu, na petroli ndiyo inayolipa. Mjini adui ni breki: kila unapoikanyaga unatupa mafuta uliyokwisha kuyachoma. Tazama mbali. Ukiona tuta au taa nyekundu, ondoa mguu mapema, gari ijipunguze yenyewe. Asubuhi huna haja ya kupasha injini dakika kumi. Nusu dakika, kisha ondoka taratibu.

Uliza sasa, ila uwe umesoma.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Tabata: Mkuu gari yangu inabugia balaa, tatizo nini?
Jibu: Gari gani? Kilomita ngapi kwa lita? Hatua ya 1.

Kijana wa Tabata: Ni Raum. Sijapima ila naona kabisa inakula.
Jibu: Macho hayapimi lita. Nenda ukapime.

Binti wa Iringa: Kaka, ahsante kwa somo. Nina kidude cha OBD. Nikishuka Kitonga mguu ukiwa nje ya mafuta, gia kwenye D, kinasoma mafuta sifuri. Mume wangu anaweka N akisema anabana mafuta, lakini hapo kinasoma kama lita 0.7 kwa saa. Inakuwaje?
Jibu: Dada, umeona kwa macho yako jambo ambalo madereva wengi wa miaka ishirini hawaliamini. Gari ikiwa kwenye gia na mguu umetoka, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, hivyo kompyuta inafunga nozeli kabisa. Ukiweka N, injini imeachwa peke yake, lazima inywe isizime. Kwa hiyo N inakula zaidi. Na pale Kitonga ni hatari: unabaki na breki peke yake kwenye mteremko mrefu wenye kona, na breki ikichemka hukamati. Mwambie mzee ashushe kwa gia ya chini. Wale wanaozima injini kabisa ni hatari zaidi, breki inakuwa ngumu baada ya kukanyaga mara chache na usukani wa umeme unakufa.

Binti wa Iringa: Nimemsomea. Amekubali kujaribu.
Jibu: Mpe kidude ashike yeye, aone sifuri mwenyewe.

Fundi Sumaku: Unawapotosha watu. Kuna sumaku ya kufunga kwenye bomba la mafuta, wateja wangu wanaokoa asilimia 30.
Jibu: Walipima vipi? Marekani, EPA, wakala wao wa mazingira, imepitia zaidi ya vifaa 100 vya aina hiyo na haijapata kinachopunguza mafuta kwa kiasi cha maana. Leta daftari la jazo tatu kabla na tatu baada, gari moja, njia moja.

Fundi Sumaku: Wewe umesema si fundi.
Jibu: Ndiyo, nimesema. Daftari bado nalisubiri.

Mama Pacha: AC au madirisha?
Jibu: Mjini kwa mwendo mdogo madirisha yanabana zaidi. Barabara kuu funga vioo uwashe AC. Ukiwa na watoto kwenye foleni ya jua kali washa AC, afya yao kwanza.

Dereva wa Noah: Thamostati ya Noah bei gani?
Jibu: Siuzi vipuri. Uliza dukani, nenda na namba ya injini.

Mtu wa Mombasa: Huku Kenya EPRA, mamlaka yetu ya nishati, hutangaza bei tarehe 14. Je, ni kweli kujaza asubuhi kukiwa baridi kunakupa mafuta mengi?
Jibu: Karibu sana ndugu. Tangi la sheli liko chini ya ardhi, joto lake halibadiliki sana asubuhi na mchana. Faida ya asubuhi ni kukwepa foleni tu.

Dereva wa Ubungo: Kufunga gesi je? Mwenzangu alifungiwa pale chuo cha DIT, anasema hataki tena petroli.
Jibu: Kwa anayetembea kutwa inalipa. Kilo moja ya gesi ina nguvu ya kama lita moja na nusu ya petroli, piga hesabu kwa bei za siku hiyo. Ujue mtungi unakula buti, na vituo vya kujaza bado vichache, foleni zake unazijua. Usikubali mtungi usio na cheti. Ndani kuna mgandamizo wa bar 200. Na injini mgonjwa ukiifungia gesi, itabaki mgonjwa.

Kijana wa Tabata: Mkuu nimerudi. Nimepima. Kilomita 287, lita 33.1.
Jibu: Safi. Hiyo ni 8.7 kwa lita, na kwa Raum ni mbaya kweli, ulikuwa na haki ya kulalamika. Upepo je? Rimu umezishika?

Kijana wa Tabata: Upepo nimejaza leo, zilikuwa 22 zote. Rimu ya nyuma kulia siwezi hata kusogeza mkono, na kuna harufu.
Jibu: Basi usiiendeshe tena leo. Breki hiyo imeshika, na harufu ni bitana zinaungua. Mwite fundi aje hapo ulipo, afungue gurudumu aangalie silinda ya breki na waya wa hendibreki. Ukimaliza, pima jazo jingine uniletee namba.