Mchezo wa zabibu: kufundisha x na y kwenye maabara isiyo na intaneti

Mwalimu mwenzangu wa Hisabati kule Mpwapwa ameniomba hatua hizi, nikaona niziandike kwa wote. Natumia Scratch, programu ya kutengeneza michezo kwa kuunganisha bloku za maelekezo. Ni ya bure, ina Kiswahili (kichague kwenye menyu ya lugha), na ukishaisakinisha haili bando.

Michezo ya "jibu swali upate nyota" siipendi. Hapo hesabu ni kiingilio cha mlangoni tu. Huu wa kwetu, kusoma x na y ndiyo kucheza kwenyewe: zabibu inatokea popote, mwanafunzi aseme iko wapi.

1. Tengeneza mchezo. Kwenye laptopu yako weka mandhari ya Xy-grid-20px, chora zabibu. Jukwaa la Scratch lina upana wa 480 na kimo cha 360, sifuri iko katikati, kwa hiyo namba hasi unazipata bure. Kwa x, chagua namba nasibu kati ya -10 na 10, zidisha kwa 20, zabibu ikae kwenye makutano ya mistari. Kwa y anzia -4, usishuke zaidi, maana kisanduku cha kuandikia jibu hukaa chini na kuifunika. Bloku ya kuuliza iweke kwenye Jukwaa. Ukiiweka kwenye zabibu, swali linatoka kama puto na kuziba mistari ambayo mtoto anatakiwa kuihesabu.

Uliza x, uliza y, linganisha, ongeza alama. Usiweke saa; watabahatisha.

2. Fungasha. Ingiza faili la mchezo uliohifadhi (.sb3) kwenye TurboWarp Packager, zana ya bure inayougeuza mchezo ufunguke kwenye kivinjari bila Scratch. Chagua faili moja la HTML, ulibebe kwa flashi.

3. Maabara. Hapa ndipo jioni inapoishia, soma taratibu. Kompyuta za msaada kama zetu huwa na Windows 7. Hakikisha: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver. Scratch ya sasa inataka Windows 10, ndiyo maana tumefungasha. Lakini ukibofya lile faili mara mbili, huenda likafunguka kwenye Internet Explorer na usione mchezo wowote. Usirudi kuchokonoa bloku zako, hazina kosa. Weka kivinjari cha Firefox 115, toleo la mwisho linalokubali Windows 7. Na hapo pia angalia: kile kisakinishi kidogo kikifunguliwa kinaanza kutafuta intaneti. Pakua kile kikubwa, ukiwa bado mjini kwenye mtandao mzuri, na uchukue cha biti 32, kinaingia kote. Kisha bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua Firefox, weka tiki iwe hivyo siku zote.

Flashi ikitoka humo imejaa shotikati za ajabu, ina virusi. Ifomati kabla hujaichomeka kwenye kompyuta ya taaluma.

4. Darasani. Wawili kwa mashine moja: huyu x, yule y, wabadilishane. Omba vipindi viwili vilivyoungana. Dakika 40 zinaishia kwenye kuwasha mashine. Alama waziandike daftarini, umeme ukikatika zimekwenda.

Wakishazoea, rudi kwenye laptopu, ile 20 ya kuzidishia ifanye 10, ufungashe upya. Zabibu nyingine zitaangukia katikati ya mistari. Watakuambia mchezo umeharibika. Waulize kutoka mstari mmoja hadi mwingine ni ngapi.