Ukianza Yoga Sutra, fungua sura ya pili

Wengi wakipata Yoga Sutra ya Patanjali, kitabu cha kale cha Kihindi cha mafunzo ya yoga, huanza ukurasa wa kwanza, wanakwama kwenye ngazi za samadhi, yaani utulivu wa kina wa akili, basi kitabu kinaishia kabatini. Anza na sura ya pili. Vyasa, ambaye ufafanuzi wake ndio wa zamani kuliko yote iliyotufikia, anasema mwanzoni mwa sura hiyo kwamba ile ya kwanza ilimhusu mtu ambaye akili yake imeshatulia. Hii ni ya yule ambaye yake bado inahangaika. Ndiyo sisi wengi.

Humo mna vikwazo vitano vya akili: ujinga, umimi, tamaa, chuki na kung'ang'ania uhai. Kuanzia mstari wa 29 vinakuja viungo vinane vya yoga, na ahimsa, yaani kutodhuru, inatangulia mkao wowote. Mikao imepewa mistari mitatu tu, 46 hadi 48!

Halafu, tafadhali, usisome mistari mitupu. Ni mifupi mno, mingine haina hata kitenzi, kwa sababu ilitungwa ifafanuliwe na mwalimu. Tafuta tafsiri yenye maelezo ya Vyasa chini ya kila mstari. Soma mmoja kwa siku, uandike ulivyouelewa, ndipo utazame Vyasa anasemaje. Ukifika wa 33, unaoelekeza kwamba wazo la kudhuru likikuvamia ulikabili kwa kuwaza kinyume chake, usiukimbie. Kaa nao wiki nzima, uujaribu kwenye foleni, kazini, na hasa nyumbani mkikorofishana.