Kusaka na kurekodi mbawakawa ufukweni wakati wa baridi

Mpwa wangu anasoma Swansea na ameniomba nimwandikie, basi nawawekea wote mlioko Wales. Natumia mfano wa Whiteford, rasi ya Gower.

1. Kabla ya kutoka. Angalia jedwali la maji, ufike yakianza kupwa. Hii ni hifadhi, kwa hiyo omba ruhusa kama unataka kukusanya wadudu. Chuma usichokijua mchangani usikiguse. Mizinga ilifanyiwa majaribio hapa wakati wa Vita vya Pili.

2. Vifaa. Chekeche, sinia jeupe, vichupa, brashi nyembamba ya rangi. Bomba la kunyonyea wadudu liache nyumbani: mchanga mbichi huliziba. Brashi iliyoloweshwa inatosha.

3. Kusaka. Chekecha mwani uliooza kwenye mstari wa maji kujaa. Humo utamkuta Cafius xantholoma, mwenye mbawa fupi. Kisha panda kwenye matuta, ukung'ute vichaka vya nyasi za maramu juu ya sinia. Usimwage upesi! Baridi huwafanya wadudu wajikunyate kama takataka. Subiri dakika kadhaa, mpaka kimoja kati ya vile "vijiti" kianze kutambaa: chembamba, rangi ya mchanga, kichwa cheusi, doa jeusi karibu na ncha ya mbawa. Huyo ni Demetrias monostigma.

4. Mahali. Hapa ndipo rekodi nyingi huharibika. Waingereza hutumia gridi ya ramani: herufi mbili, kisha tarakimu. Whiteford ni SS, lakini ng'ambo ya mlango wa mto, Burry Port, ni SN. Kila mraba wa herufi una upana wa kilomita 100, kwa hiyo ukiandika SN badala ya SS, mdudu wako anahamia katikati ya maji ya Cardigan Bay. Tarakimu za mashariki hutangulia, za kaskazini hufuata. Ukifupisha namba uliyopewa na simu, kata tarakimu za mwisho, usizikadirie kwenda juu: 44583 96217 inakuwa SS 4458 9621, au SS 445 962, kamwe si 446. Tarakimu 6 ni mraba wa mita 100, ambao ufukweni unameza mwani, mchanga mtupu na tuta kwa pamoja. Mimi hudai 8, yaani mita 10. Na soma simu ukiwa umesimama kwenye kichaka chenyewe; ukingoja ufike kwenye gari, utapewa mahali pa gari.

5. Kutuma. Weka kwenye iRecord, tovuti ya Uingereza ya kurekodi viumbe: nani, nini, wapi, lini. Ambatanisha picha ya mgongo, na kwenye maelezo andika "kwenye maramu" au "chini ya mwani". Mhakiki, yaani mtaalamu anayekagua rekodi, akiuliza swali, mjibu. Vichupa usivitupe kabla hajaridhika.