SOMO: Unga tunauchekecha, hatuuchuji (na "chunga" iangalieni vizuri)

Naandika hili mara moja ili nisilirudie. Kila juma mtu ananiuliza: "Mwalimu, unga tunauchuja ama tunauchekecha?" Tunauchekecha. Someni mpaka chini ndipo muulize.

Hatua ya 1. Tazama kitu chenyewe. Kama ni cha majimaji, yaani chai, tui, asali, maji ya marakuja, unachuja.

Hatua ya 2. Tazama chombo. Chekeche, unachekecha. Ungo, unapepeta. Vidole vitupu, unachambua, kama tunavyotoa vijiwe kwenye maharage.

Hatua ya 3. Tazama mikono. Pita asubuhi sokoni Kadutu, hapa Bukavu, utamkuta mama ameinamia beseni, chekeche mkononi, analipeleka kulia na kushoto. Unga wa muhogo unashuka kama ukungu mpaka nyusi zake zinakuwa nyeupe. Chenga zinazobaki juu anazirudisha kinuni. Huko ndiko kuchekecha: laini inashuka, nene inabaki. Anayepepeta anarusha juu, upepo unachukua pumba, punje nzito zinarudi kwenye ungo. Kwa hiyo mwenye ungo anakitaka kilichobaki, na mwenye unga anakitaka kilichoshuka.

Hatua ya 4. Neno "chunga". Hapa nilianguka mimi mwenyewe, kwa hiyo msipite haraka.

Kamusi inasema kuchunga unga ni kuuchekecha, na ni kweli, watu wa pwani husema hivyo. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kutafsiri karatasi ya uji wa soya kwa wamama wenye watoto wadogo. Nikaandika: "Saga, kisha chunga unga vizuri." Kwetu Bukavu kuchunga ni kulinda: unachunga mbuzi, unachunga nyumba, unachunga mtoto. Mama mmoja akaniambia kwa heshima zote kwamba ameuchunga unga siku tatu ndani ya ndoo yenye kifuniko, panya hawakuufikia. Hakuuchekecha hata kidogo. Uji ulikuwa na maganda, mtoto akawa anautema. Yule mama hakukosea. Nilikosea mimi niliyeandika bila kumfikiria msomaji. Karatasi zilikuwa zimeshagawiwa, ikabidi nizunguke kueleza kwa mdomo.

Basi: ukiandikia watu wa Kivu, weka "chekecha". Ukilazimika kutumia "chunga", taja chekeche ndani ya sentensi hiyohiyo. Na kwenye maandishi ya chakula cha watoto au ya dawa, usiliweke kabisa.

Hatua ya 5. Maana za mbali. Kuchekecha bongo ni kufikiri kwa bidii. Wagombea wanachujwa, ndiyo maana kuna mchujo. Habari inachambuliwa. Msichanganye.

Hatua ya 6. Minyambuliko: chekechwa, chekechea, chekecheka. "Unga huu hauchekecheki, umelowa."

MASWALI

Kijana wa Bagira: Sasa mwalimu, unga ni kuchuja ama kuchekecha?

Jibu: Mstari wa kwanza, ndugu.

Mama Bugali: Mimi nachekecha muhogo mara mbili ili kutoa sumu. Andika na hilo.

Jibu: Hapana mama, siliandiki, maana si kweli. Sumu ya muhogo mchungu inatoka kwa kuulowesha siku kadhaa na kuuanika vizuri. Chekeche linatenga chenga na nyuzi tu. Tafadhali usimwambie mtu hivyo.

Mwanafunzi wa Ibanda: Aksanti mwalimu. Shule ya chekechea inatoka kwenye kitenzi hiki?

Jibu: Swali zuri, umesikiliza sauti ya neno. Umbo linafanana na "kuchekechea", yaani kuchekecha kwa ajili ya mtu au kwa kutumia kitu: "nichekechee unga", "chombo cha kuchekechea". Ila chekechea ya shule ni nomino. Huwezi kusema "ninachekechea watoto" ukimaanisha unawafundisha. Na ukipenda maneno ya namna hii, angalia "chuja": kitambaa kilichofifia rangi nacho husemwa kimechuja.

Msomaji: Kamusi yangu inasema chunga ni sahihi. Wewe unatufundisha makosa.

Jibu: Nimeandika kwamba ni kweli. Soma tena hatua ya 4. Kamusi haikukaa na yule mama, mimi nilikaa naye.

Fundi wa Goma: Yaya mwalimu, sisi hatutikisi. Tunasimamisha wavu wa waya kwa kuuegemeza, tunaurushia mchanga kwa beleshi. Mwembamba unapita nyuma, kokoto zinateremka mbele. Tunasema tunachekecha. Tunakosea?

Jibu: Hamkosei, na umenirekebisha. Hatua ya 3 niliiandika nikiwa na jiko tu kichwani. Chekeche lisipotembea, mchanga ndio unatembea. Matundu yakitenga nyembamba na nene, hiyo ni chekecha. Waya wenu una matundu ya kiasi gani?

Fundi wa Goma: Ya kujengea mawe, kidole kidogo kinapita. Ya lipu ya mwisho tunachukua wavu wa mbu wa dirishani. Ila mchanga uwe mkavu. Ukiwa na maji unaziba matundu, unapoteza siku nzima.

Mama Bugali: Kama unga wangu. Siku ya mvua sichekechi.