Namna ya Kumsoma Ivar Lo-Johansson Bila Kukata Tamaa

Wengi wanaotaka kumsoma Ivar Lo-Johansson, mwandishi wa Uswidi, huanza na Godnatt, jord, kwa kuwa ndiyo riwaya iliyompa jina mwaka 1933. Iweke kando kwanza. Ni nene, inakwenda taratibu, na sisi tuliojifunza Kiswidi ukubwani itatuchosha kabla haijanoga. Anza na Statarna, hadithi fupi zilizotoka 1936 na 1937. Mimi nilizisoma kwenye treni ya alfajiri nikienda zamu ya kuhudumia wazee. Hadithi moja kwa safari inatosha.

Kabla ya ukurasa wa kwanza, wajue statare. Walikuwa vibarua wa mashamba makubwa, watu wenye familia, wakifungwa na mkataba wa mwaka mzima. Fedha mkononi ilikuwa kidogo. Sehemu kubwa ya ujira ilikuwa posho ya nafaka, maziwa, viazi na kuni, pamoja na pa kulala. Babu yangu alikuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga, kwa hiyo habari ya posho sikuhitaji kuelezwa. Mwisho wa Oktoba mkataba ulikwisha, na ndipo utakapoona familia zikipakia vyombo kwenye gari la farasi kwenda shamba jingine, mara nyingi lisilo na nafuu yoyote. Ivar alizaliwa humo humo, mwaka 1901, huko Ösmo kusini mwa Stockholm.

Ukifika penye kukamua ng'ombe, punguza mwendo. Mwajiri alipomwandika mume, mke naye alidaiwa kazi ya zizini: alfajiri, mchana na jioni, kwa mikono, awe mjamzito au ana kichanga. Wajibu huo uliitwa mjeledi mweupe. Ukishauelewa, chukua riwaya ya Bara en mor ya 1939. Rya-Rya, binti mchangamfu, anaoga uchi ziwani siku ya joto. Maneno yanaenea, uchumba unavunjika, anaolewa na mwingine, na ujana unaishia kwenye watoto na ndoo za maziwa. Piga mstari kila wanapohama, la sivyo utapotea. Filamu ya riwaya hiyo ya 1949, iliyoongozwa na Alf Sjöberg, itazame baadaye. Ukiitanguliza, sura ya mwigizaji itakukalia kichwani.

Maktaba ikiwa na Statarna i bild, iazime pia: picha ni za Gunnar Lundh, aliyezunguka mashambani pamoja na Ivar. Utaratibu wenyewe wa statare ulifutwa 1945, na vitabu hivi vilichangia.

Sasa rudi kwenye Godnatt, jord. Ikikulemea, ingiza katikati Analfabeten ya 1951, juu ya baba yake asiyejua kusoma; humo Ivar anachekesha kweli. Na ukiwa Stockholm, shuka kituo cha Mariatorget, utembee hadi Bastugatan 21, alikoishi tangu miaka ya 1930 hadi alipofariki 1990. Nyumba yake ni makumbusho, ila haifunguliwi kila siku, kwa hiyo ulizia kwanza.