Many au much: anzia kwenye "chache" na "kidogo"

Anayewatembeza wageni magofu ya Kaole na anayeuza kambamiti soko la samaki Bagamoyo hukwama mahali pamoja. Kiswahili kinasema watu wengi, maji mengi, shina ni lile lile. Kiingereza kinadai uchague: many kwa vinavyohesabika, much kwa visivyohesabika. Basi usianze na wingi. Anza na uchache, maana hapo Kiswahili chenyewe kimekwisha kugawa.

Lipime jina kwa "-chache". Wageni wachache, tiketi chache, dakika chache: limekubali, tumia few, many na how many, na jina liwe katika wingi, many tickets. Lakini sukari, maji na mchele tunasema "kidogo". Hayo huchukua little, much na how much, bila s mwishoni: much rice.

Kipimo hiki hushindwa kwenye kundi moja, na humo ndimo makosa yanamojaa. Mizigo michache, taarifa chache, samani chache, vifaa vichache ni Kiswahili safi, ila luggage, information, furniture na equipment hazihesabiki kwa Kiingereza. Hakuna luggages wala informations. Haya yakariri tu. Ukilazimika kuhesabu, tanguliza piece: two pieces of luggage. Mikate miwili ni two loaves of bread. Pesa nazo, japo tunazihesabu noti kwa noti, ni how much money. How many ni ya shillings. Samaki ana pande mbili: mmoja mmoja, how many fish, nyama ya kupima kwa kilo, how much fish.

Herufi moja, a, hugeuza maana nzima, na kwa mwongoza wageni hili ni zito kuliko yote. "Few visitors come here" ni kulalamika, kwamba wageni hawaji ipasavyo. "A few visitors come here" ni kusema wapo kadhaa. Vivyo hivyo "We have little time" humharakisha mgeni. "We have a little time" humwambia bado ipo nafasi.

Katika sentensi ya kukubali, much husikika nzito mno. "We have much water" haisemwi kirahisi. Weka a lot of, inayofaa pande zote mbili, much ibaki kwa kuuliza na kukanusha. Kitenzi nacho hufuata jina: a lot of visitors are waiting, lakini a lot of luggage is missing.